Mvinyo wa Dodoma kwenye sendofu ya Singida: heshima ya meza kwa nusu ya bei

Mzazi mwenzangu, kama umewahi kukaa kwenye kamati ya sherehe, unajua kuna kikao kimoja ambacho huvuruga bajeti yote. Si cha ukumbi wala cha chakula. Ni kile cha vinywaji.

Chetu kilifanyika sebuleni kwangu, hapa Singida mjini, Jumapili jioni, wiki sita kabla ya sendofu ya binti yangu mkubwa. Bia, soda na maji vilipita bila maneno. Tulipofika kwenye mvinyo, baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, akaweka kalamu chini.

"Hapa tusijidhalilishe," akasema. "Wakwe wanatoka Moshi na Arusha. Tuweke mvinyo wa nje."

Akaandika chupa 36 za mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, kila moja Sh28,000. Jumla ni Sh1,008,000.

Mume wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia mlango wa friji. Pale nilikuwa nimebandika orodha ya mahitaji ya mdogo wake bibi harusi, ambaye mwezi uliofuata alikuwa anaingia bweni kuanza kidato cha tano: godoro, tranka, ndoo mbili, shuka, sare, viatu, madaftari, nauli. Michango ya sherehe ilikuwa haijatimia, na kila mzazi anajua pengo la mchango huzibwa na nani.

Nikauliza kwa upole, "Baba mdogo, na huu wa Dodoma je?"

Watu wakacheka. Shangazi ndiye aliyecheka zaidi. "Ule wa kuamka na kichwa? Wakwe watatusema mpaka mjukuu azaliwe!"

Kicheko kile ndicho kilichonituma kufanya kazi ninayokusimulia leo. Huu si wito wa kunywa. Kama nyumbani kwako pombe haiingii, endelea hivyo hivyo, hujapungukiwa na kitu. Lakini kama kwenye sherehe yenu mvinyo utawekwa mezani, basi uwekwe kwa akili.

Jirani tusiyemheshimu

Kutoka Singida kupitia Manyoni hadi Dodoma ni kilomita kama 240. Ukipanda basi asubuhi, mchana unakula zabibu stendi ya Dodoma. Lakini duka la vinywaji mtaani kwetu limepanga chupa zilizosafiri kutoka ncha ya kusini ya Afrika, na zile za jirani zimewekwa chini kabisa, zina vumbi.

Zabibu za Dodoma hazikuanza jana. Wamisionari wa Kikatoliki walizipanda Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1950, na hitaji la kwanza lilikuwa divai ya Misa. Baadaye serikali ikaingia na kiwanda cha umma, DOWICO, ambacho wazee wengi wanalikumbuka jina lake. Kilipoyumba, wakulima walibaki na mizabibu isiyo na mnunuzi. Leo kuna viwanda kadhaa binafsi, kimojawapo CETAWICO kilichopo Hombolo, na kuna kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI pale Makutupora.

Ardhi ile ina jambo ambalo Ulaya hawana. Kwao mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima akishavuna anapogoa, mzabibu unachipua tena, na anavuna mara ya pili mwaka huo huo. Msimu mmoja huwa karibu na mwezi Machi na mwingine Agosti hadi Septemba. Jua ni la kutosha, mvua ni chache, na mji upo mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku hupoa kidogo.

Kwa nini basi bei ni ndogo? Sababu ya kwanza ni safari. Chupa ya nje imebeba gharama za meli, lori, waagizaji na wachuuzi wa njiani. Sababu ya pili ni jina. Ukinunua mvinyo wa nchi maarufu, sehemu ya pesa yako inalipia umaarufu. Dodoma bado haina jina hilo, kwa hiyo hulipii.

Sababu ya tatu haifurahishi. Zabibu haisubiri. Kitunguu chetu cha Singida unaweza kukiweka kichanjani ukisubiri bei ipande. Zabibu ikikomaa ni ya siku chache tu, na mnunuzi akikosekana inaozea shambani. Wakulima wengine wameamua kuikamua na kuuza mchuzi wa zabibu, kama wanavyouita wenyewe, nao pia umewahi kujaa kwenye matangi bila mnunuzi. Mtu aliyebanwa hivyo hana nguvu ya kupanga bei.

Sisi wa Singida tunapaswa kuielewa hali hiyo haraka kuliko wengine. Tunalima alizeti, tunaikamua, halafu unamkuta mtu amebeba dumu la mafuta yaliyotoka ng'ambo. Kuku wetu wa kienyeji anapakiwa kwenye tenga, anafika Dar es Salaam, na kule anakuwa kitoweo cha heshima. Hapa tunamwona wa kawaida.

Jaribio la sebuleni

Maneno matupu yasingemgeuza baba mdogo. Nikanunua chupa mbili za mvinyo mwekundu mkavu: ule wa Afrika Kusini aliouandika yeye, na mmoja wa Dodoma wa Sh14,000. Nikazifunga na magazeti ya zamani mpaka shingoni, nikaandika 1 na 2, nikaita watu watano waonje. Watoto niliwapeleka kwa jirani kwanza.

Watatu walichagua namba 2, ambayo ilikuwa ya Dodoma. Wawili walichagua namba 1. Shangazi aliyecheka sana alikuwa miongoni mwa wale watatu, na mpaka leo anasema nilibadilisha magazeti.

Baba mdogo hakudanganyika. Alionja, akatulia, akasema, "Namba moja ndiyo ya nje." Na kweli ilikuwa yenyewe. Nikajua nimeshindwa. Lakini akaonja tena ile ya pili, akauliza bei, nikamtajia.

"Tofauti ipo," akasema. "Ila si tofauti ya shilingi 14,000."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Hatukuwa tunatafuta mvinyo bora kuliko yote duniani. Tulikuwa tunatafuta mvinyo ambao mgeni atakunywa kwa raha, sisi tusibaki na deni.

Kosa nililofanya kwanza

Kabla ya chupa hizo mbili, nilikuwa nimeshapoteza pesa. Nilipita duka moja nikakuta chupa yenye picha ya kichala cha zabibu, Sh7,000 tu. Nikachukua mbili. Nyumbani nikafungua: utamu wa pipi na harufu kama ya dawa ya kikohozi. Nikasoma lebo vizuri, tena kwa kuvaa miwani. Hakikuwa mvinyo wa zabibu. Kilikuwa kinywaji cha pombe kilichotiwa ladha ya zabibu. Lebo haikunidanganya, ni mimi sikuisoma.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoangalia sasa, na wewe unaweza kuyasoma kwenye simu ukiwa umesimama dukani.

1. Soma nyuma ya chupa. Picha ya mbele ni tangazo. Nyuma ndiko kuna habari. Tafuta maneno yanayosema ni mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu, na zabibu hizo zimetoka wapi. Ukiona maji, sukari, rangi na ladha vimetangulia, rudisha chupa.

2. Jua kama ni mkavu au mtamu. Hapa ndipo watu wengi wanapoichukia Dodoma bure. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Ukiona neno "dry", huo ni mkavu, hauna sukari ya kusikika, na unakwenda na chakula. Ukiona "sweet", huo ni mtamu. Watu waliozoea Dompo wanadhani mvinyo wote wa Dodoma ni mtamu na mzito namna ile. Sivyo. Upo mweupe mkavu wa zabibu aina ya Chenin Blanc, upo mwekundu wa Syrah, na upo wa Makutupora nyekundu, zabibu iliyozoea ardhi ya pale.

3. Angalia asilimia ya pombe. Mvinyo wa kawaida wa mezani mara nyingi uko kati ya asilimia 11 na 14. Ile mitamu iliyoongezewa pombe hupanda zaidi ya hapo. Maumivu ya kichwa anayoyasema shangazi yanaanzia hapa: mtu anaunywa ule mzito kwa glasi kubwa kama juisi, kwa sababu ni mtamu, kisha asubuhi analaumu mkoa mzima.

4. Hakiki stempu. Chupa halali ina alama ya TBS na stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA, ambayo kwa vileo ilianza kutumika mwaka 2019. TRA wana programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu. Unaielekeza kamera kwenye stempu, inakuambia kama ni ya kweli. Ni sekunde chache. Pombe bandia hailei mtu, inazika.

5. Angalia ilikaa wapi. Joto na jua huua mvinyo. Chupa iliyopangwa dirishani ikapigwa na jua miezi sita imekwisha, hata kama imetoka Ufaransa. Chukua iliyo ndani, kwenye kivuli, duka ambalo bidhaa zake zinatembea.

6. Nunua mpya. Tumeambiwa mvinyo ukikaa ndiyo unanoga. Hilo ni kweli kwa aina chache, na kwa watu wenye vyumba vya baridi vya kuutunzia. Mvinyo wa bei ya kawaida umetengenezwa unywewe mapema. Angalia tarehe, usiuweke kabatini ukisubiri mtoto amalize chuo.

7. Onja moja kabla ya kununua katoni. Lazima niwe mkweli hapa. Mvinyo wa Dodoma haujatulia sana. Zabibu ikichumwa kabla sukari haijakomaa vizuri, mvinyo unakuwa mchachu. Chupa ya jina lilelile inaweza kukupendeza leo na kukukera mwakani. Kwa hiyo onja kutoka kwenye mzigo ule ule unaotaka kununua. Ukikupendeza, chukua katoni zako palepale.

Hesabu ya glasi

Baada ya baba mdogo kulegea, nilifanya jambo ambalo kamati nyingi hazifanyi. Nilichukua orodha ya wageni 150, nikakaa na mume wangu, tukapitia jina moja moja. Watoto, toa. Majirani na ndugu zetu Waislamu, toa. Walokole, toa. Wale tunaojua ni watu wa bia tu, toa. Waliobaki, wanaoweza kunywa mvinyo, walikuwa 50.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kiasi. Watu 50 kwa glasi mbili mbili ni glasi 100, sawa na chupa 20. Tukaongeza nne za tahadhari. Jumla chupa 24, si 36.

Binamu yangu anayeishi Dodoma alionja kwa niaba yetu, akanunua katoni mbili kwa bei ya jumla, Sh13,000 kwa chupa: 14 za mwekundu mkavu, 6 za mweupe mkavu na 4 za mtamu kwa ajili ya kina mama wazee. Zikaja kwa basi. Chupa zote Sh312,000, kusafirisha Sh20,000. Jumla Sh332,000.

Toa hiyo kwenye Sh1,008,000. Ilibaki Sh676,000. Godoro, tranka, ndoo, sare na nauli ya kwenda shule vyote vilitoka humo. Mdogo wake bibi harusi hajui mpaka leo kwamba godoro lake limetokana na zabibu.

Ile chupa ya kufyatua mbele ya meza kuu tuliinunua peke yake. Hiyo ni ya picha, na kwenye picha hakuna anayesoma lebo.

Mezani

Mwezi wa sita Singida ina upepo wa baridi jioni, kwa hiyo mwekundu haukuhitaji kupozwa. Ukiwa na sherehe ya mchana wa Oktoba, weka chupa za mwekundu kwenye ndoo ya maji baridi dakika 20 kabla ya kumimina. Mweupe uwe umekaa kwenye friji au barafu saa mbili au tatu.

Mweupe mkavu ulikwenda vizuri na kuku wa kienyeji wa kuchoma. Mwekundu uliwapendeza wa mbuzi na pilau. Mtamu tuliusogeza mwisho, wakati wa keki. Tulimimina sisi wenyewe kwa vijana wawili wa kuaminika, wenye umri unaoruhusiwa, badala ya kuacha chupa mezani. Chupa ikiachwa mezani haina hesabu.

Na wakwe? Mama mkwe wa binti yangu aliomba kuandikiwa jina la ule mweupe kwenye karatasi. Baba mkwe alikunywa bia usiku kucha, hakugusa mvinyo wa nje wala wa ndani.

Jambo moja kabla hujaenda dukani

Bei nafuu ina mtego wake. Chupa moja ya mvinyo wa asilimia 12 ina pombe inayokaribia bia kubwa nne. Ukisema "ni waini tu" kisha ukamaliza chupa, umekunywa bia nne, na bodaboda inakusubiri nje. Mjamzito asinywe kabisa, hata glasi ya heshima. Watoto wasionjeshwe "kidogo tu kwa kuzoea". Mwanangu wa mwisho aliniuliza kwa nini yeye hapewi. Nilimjibu ukweli: hiki ni kinywaji kinachoweza kumshinda mtu mzima, sembuse mtoto. Aliridhika na soda.

Nina mjomba ambaye huu ni mwaka wake wa tatu hajagusa pombe. Anayeijua safari ya namna hiyo anajua sherehe ni mtihani. Si kiu inayomsumbua, ni maswali: "Mjomba, mbona glasi tupu? Moja tu haiui." Ndiyo maana kwenye ule mzigo wa Dodoma niliagiza pia kreti moja ya zabibu mbichi. Usiku wa kuamkia sherehe tuliziosha, tukazisaga, tukazichuja kwa kitambaa safi, tukaweka juisi kwenye friji.

Mshereheshaji aliposema tuinue glasi kumtakia heri bibi harusi, mjomba alisimama na wengine. Glasi yake ilikuwa na mguu mrefu kama za wenzake, ndani rangi ileile nyekundu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alimimina tena mara tatu.

Kama kwenye orodha yako yumo mtu kama huyo, na katika familia nyingi yumo, anza na kreti yake. Halafu ndiyo uhesabu chupa.

Wiki ijayo tutarudi hapa hapa nyumbani: alizeti imevunwa, na nitakueleza namna ya kununua mafuta yaliyokamuliwa mtaani bila kuuziwa mashudu.